Jina la Tukio: Kufasiri Istilahi za Historia ya Marekani

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha historia ya Marekani aghalabu hudhani kwamba atasumbuliwa na majina ya vyombo vya serikali: Kongresi, Seneti, Mahakama Kuu na mengineyo. Hayo kwa kweli hayana taabu kubwa. Kamusi zipo, na magazeti yetu yameyazoea kwa miaka mingi. Taabu hutokea mahali asipopatazamia, yaani katika maneno ya kawaida kabisa: ghasia, mkombozi, mfanyakazi, shamba, kuhamishwa. Maneno hayo kila mtoto wa shule anayajua. Lakini katika historia ya Marekani kila moja lina mwenyewe. Lilichaguliwa na upande mmoja kwa makusudi, na upande wa pili umeendelea kuligombea hata leo. Mfasiri asiyejua hayo hulichukua neno la upande mmoja akalitia katika Kiswahili kana kwamba ni jina tu, na mwanafunzi wetu wa Tabora au Malindi akarithi ugomvi wa watu bila ya kujua kwamba ulikuwapo.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza machache kati ya maneno hayo, tukitazama jinsi Wamarekani wenyewe wanavyoiandika, wanavyoikumbuka na wanavyoihifadhi historia yao hivi sasa. Pale tulipo na pendekezo tutalitoa; pale tusipokuwa nalo tutaliacha suala mbele ya wasomaji.

Ghasia au mauaji

Tuanze na mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, makundi ya Wazungu wenye silaha, baadhi yao wakiwa wamepewa uaskari wa muda na mji wenyewe, yaliuvamia mtaa wa Greenwood uliokaliwa na Wamarekani Weusi. Mtaa huo ulikuwa na maduka, hoteli, sinema, makanisa, ofisi za mawakili na madaktari. Vitalu zaidi ya 35 viliteketezwa. Chama cha Msalaba Mwekundu kilihesabu nyumba 1,256 zilizochomwa moto. Hesabu ya vifo iliyotolewa na wakuu wakati ule haikufika 40. Wanahistoria wa leo hutaja hata watu 300.

Kwa Kiingereza tukio hilo liliitwa ‘riot’, neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa ghasia au fujo. Jopo la uchunguzi lililokaa mwezi huohuo wa Juni lilitamka kwamba chanzo cha ghasia kilikuwa watu Weusi waliokwenda na bunduki mahakamani kumlinda kijana mmoja asinyongwe na umati. Jina hilo halikuwa pambo la maneno. Hati nyingi za bima za wakati ule zilikuwa na kifungu kilichosema kwamba kampuni haitalipa hasara iliyosababishwa na ghasia. Waliochomewa nyumba walipodai fidia, walioneshwa kifungu hicho. Mwenye jengo la sinema lililoungua alifikisha dai lake hadi Mahakama Kuu ya Oklahoma, na mwaka 1926 akashindwa. Basi mtu akiuliza jina la tukio lina thamani gani, jibu la Tulsa linaweza kuandikwa kwa dola.

Tutazame sasa lugha yetu. Ghasia kwa Kiswahili huzuka, hutokea, hulipuka. Hazina mtendaji. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyezizusha, maana muundo wa sentensi haumdai. Mauaji, kwa upande mwingine, yametokana na kitenzi kuua, na kitenzi hicho hakikai bila ya muuaji na aliyeuawa. Mfasiri anayeandika ‘ghasia za Tulsa zilizuka mwaka 1921’ ameandika Kiswahili safi kabisa. Lakini pia amewapa wale wenye bima wa zamani ushahidi wa ziada.

Mashahidi wenyewe walikuwa na neno jingine. Mary E. Jones Parrish, mwalimu wa upigaji chapa aliyekimbia risasi pamoja na binti yake, alikusanya maelezo ya wenzake, na kitabu alichokitoa miaka michache baadaye kiliyaita mambo hayo maafa. Nakala zilizochapishwa zilikuwa chache mno, na kwa muda mrefu kazi yake haikusomwa ila na wachache. Gazeti la jioni la Tulsa Tribune, ambalo habari yake ya tarehe 31 Mei inasemekana ndiyo iliyowasha moto, lilihifadhiwa. Ila lilipokuja kupigwa picha ili liwekwe katika filamu ndogo za maktaba, habari ile ilikuwa imekwisha kukatwa katika ukurasa wa kwanza, na sehemu ya ukurasa wa tahariri haikuwapo. Wanahistoria walilazimika kuitafuta nakala ya habari hiyo mahali pengine. Hivyo ndivyo hifadhi ilivyokuwa: maelezo ya walioteswa hayakuwa na wasomaji, na maelezo ya waliotesa yalikuwa na tundu.

Mwaka 1997 bunge la Oklahoma liliunda tume ya kuchunguza. Taarifa yake ya mwaka 2001 ilitoboa mengi, lakini katika jina lake bado ilisema ghasia. Kamati iliyoandaa maadhimisho ya miaka mia ilianza na neno hilohilo, ikalibadili mwaka 2018 na kusema mauaji. Mwaka 2021 Maktaba ya Kongresi mjini Washington ikabadilisha kichwa cha somo katika katalogi yake, na maktaba nyingi duniani zinazofuata katalogi hiyo zikabadilika nayo. Msomaji aliye mkutubi atatambua uzito wa hatua hiyo: kuanzia hapo anayetafuta vitabu chini ya jina la kale huelekezwa kwenye jina jipya. Mahakama haikufuata mkondo huo kwa kiasi cha kutoa fidia. Mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu ya Oklahoma ililitupa dai la mwisho la manusura, vikongwe waliokuwa wamevuka umri wa miaka mia.

Tunapendekeza kwamba mwandishi anapotumia sauti yake mwenyewe aseme mauaji ya halaiki ya Tulsa. Jina la waraka wa zamani lisibadilishwe. Taarifa ya 2001 ibaki kuwa taarifa ya ghasia, maana ndivyo ilivyoitwa, na kuficha hilo ni kukata ukurasa mara ya pili. Aidha, tuwe waangalifu na istilahi mauaji ya kimbari. Istilahi hiyo imepata maana yake mahsusi katika Kiswahili baada ya yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, na yafaa iachiwe maana hiyo ya kukusudia kuangamiza jamii nzima. Tutairudia tutakapofika California.

Wakombozi na mapinduzi

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, Marekani iliingia katika kipindi cha miaka kumi na miwili ambacho tunaweza kukiita Ujenzi Mpya. Watumwa walikuwa wameachwa huru. Wanaume wao walipata kura. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti. Kisha, jimbo baada ya jimbo, Wazungu wa chama cha Demokrati waliirudisha serikali mikononi mwao kwa hila za uchaguzi na kwa bunduki, na kufikia mwaka 1877 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Watu hao walijichagulia jina. Walijiita ‘Redeemers’, neno la kanisani, ambalo kwa Kiswahili halina tafsiri nyingine ila Wakombozi.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote tuliyokutana nayo. Neno ukombozi kwetu lina historia yake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi ilipovunjwa mwaka 1994, na kwa miaka yote hiyo mkombozi alikuwa mpigania uhuru wa Msumbiji, wa Zimbabwe, wa Namibia, wa Afrika Kusini. Kitabu cha shule kikimwambia mwanafunzi kwamba Wakombozi walichukua serikali ya Louisiana mwaka 1877, ataelewa kinyume kabisa cha yaliyotokea. Atadhani watumwa wa jana wameshinda. Tafsiri imekuwa sahihi kwa kamusi na uongo kwa historia.

Bahati njema Kiswahili kina dawa yake, nayo ni silabi moja. Kiambishi -ji- hutuwezesha kusema Wazungu waliojiita Wakombozi, na msomaji akaelewa papo hapo kwamba jina ni lao wenyewe, si letu. Tungependa kukiona kiambishi hiki kikitumika zaidi katika tafsiri za historia. Alama za kunukuu huweza kudondoka chapani, -ji- haidondoki.

Jinsi jina hilo lilivyodumu ni jambo la kuwavutia wanaistilahi. Mwanzoni mwa karne ya 20 William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na wanafunzi wake, waliandika historia za majimbo ya Kusini zilizouonesha Ujenzi Mpya kuwa ni balaa, na utawala wa watu Weusi kuwa ni kichekesho. Mbali na wanachuo hao kulikuwa na chama cha mabinti wa askari wa majimbo yaliyojitenga, kilichoasisiwa mwaka 1894. Mwanahistoria wa chama hicho, Mildred Lewis Rutherford, alitoa kijitabu cha vipimo vya kuvikagua vitabu vya shule, karibu na mwaka 1920. Kitabu kinachosema kwamba Kusini ilipigania kubaki na watumwa kikataliwe. Kinachoviita vita hivyo uasi kikataliwe. Kinachosema wenye watumwa walikuwa wakatili kikataliwe. Maktaba ziliombwa ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kilichoshindwa vipimo hivyo kwamba hakiitendei Kusini haki. Sisi tuliokaa vikao vingi vya kusanifisha istilahi, ambavyo mara nyingi matokeo yake huishia katika makabati, hatuna budi kukiri kwamba hiyo ilikuwa kamati ya istilahi iliyofaulu kupita kiasi. Vizazi viwili vya watoto wa Kusini, Weusi na Weupe, vilisoma kwa maneno yake.

W. E. B. Du Bois aliyapinga hayo mwaka 1935 katika kitabu chake kikubwa juu ya Ujenzi Mpya. Sura yake ya mwisho inavichambua vitabu vya shule vilivyokuwa vikitumika wakati huo. Wanahistoria wengi wa vyuo vikuu hawakumjali. Ilibidi zipite harakati za haki za raia za miaka ya 1950 na 1960 ndipo maoni yake yakawa msingi wa utafiti, na Eric Foner alipotoa historia yake ya kipindi hicho mwaka 1988 akakiita mapinduzi yasiyokamilika, hakuna mwanachuo wa maana aliyeshtuka. Lakini vyuoni ni mahali pamoja na kando ya barabara ni mahali pengine. Katika mji mdogo wa Colfax, Louisiana, ambako mwaka 1873 makumi ya watu Weusi waliuawa, wengi wao baada ya kusalimu amri, kibao cha serikali ya jimbo kilichowekwa katikati ya karne ya 20 kilieleza kwamba tukio hilo ni ghasia zilizokomesha utawala mbaya wa wageni. Kibao hicho kiling’olewa mwezi Mei 2021.

Foner ametuletea neno mapinduzi, nalo lina shida yake. Kiingereza kinatofautisha mageuzi makubwa yanayofanywa na umma na kitendo cha kikundi kuinyakua serikali; Kiswahili huyaita yote mapinduzi, na tukitaka kutofautisha tunaongeza neno, kama tunaposema mapinduzi ya kijeshi. Mwaka 1898, tarehe 10 Novemba, Wazungu wa Wilmington, North Carolina, walichoma moto mtambo wa gazeti la Daily Record lililohaririwa na Alexander Manly, wakaua watu Weusi mitaani, wakawalazimisha meya na madiwani waliochaguliwa kujiuzulu, na kabla ya jua kuchwa kiongozi wao, Alfred Moore Waddell, alikuwa amekalia kiti cha meya. Kwa miaka mia moja hilo nalo liliitwa ghasia. Tume ya jimbo ilitoa taarifa yake mwaka 2006, na kibao kilichosimamishwa mjini humo mwaka 2019 kinatumia neno la kunyakua serikali. Je, tuseme mapinduzi ya Wilmington? Msomaji wa Unguja, ambaye kwake neno hilo ni Januari 1964, huenda akalipa tendo la Waddell heshima lisilostahili. Sisi tunaona heri kutumia kitenzi badala ya nomino: waliipindua serikali halali ya mji. Au tuseme unyakuzi wa serikali ya Wilmington. Wenye pendekezo bora zaidi watuletee.

Mtumwa na shamba lake

Mwaka 2015 mwanafunzi wa sekondari huko Texas alipiga picha ukurasa wa kitabu chake cha jiografia, akampelekea mama yake. Maelezo ya ramani yalisema kwamba biashara ya watumwa ilileta mamilioni ya wafanyakazi kutoka Afrika kwenda kulima mashamba ya Kusini. Tena maelezo hayo yalikuwa katika sehemu iliyohusu uhamiaji. Mama alilalamika hadharani, na mchapishaji akakubali kurekebisha. Kwa Kiswahili kosa hilo lingekuwa zito zaidi. Mfanyakazi kwetu ana chama chake, ana mshahara wake, na ana sikukuu yake ya Mei Mosi.

Waandishi wengi wa Marekani sasa hulikwepa hata neno la kawaida la Kiingereza la mtumwa, wakapendelea kusema mtu aliyefanywa mtumwa. Hoja yao ni kwamba utumwa si tabia ya mtu bali ni jambo alilotendwa. Wapo watakaotaka tuwaige kwa kuunda neno kama mtumwishwa. Hatuoni haja. Mtumwa ni kauli ya kutendwa tangu mwanzo: ni yule anayetumwa, na nyuma ya kila anayetumwa yupo anayetuma. Shina hilohilo limetupa mtumishi na mtume, lakini w ile ya kutendwa imebaki kwa mtumwa peke yake. Tulichofanya ni kulizoea neno hata hatuisikii tena w hiyo. Pale ambapo matini yenyewe inataka kumkumbusha msomaji, tuandike watu waliotiwa utumwani. Kwingineko mtumwa latosha.

Ambapo umakini unahitajika zaidi ni katika kumpa mtumwa jina, na hapo tunarudi kwenye hifadhi. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 zilikuwa na orodha maalumu za watumwa. Kila mstari una umri, jinsia na rangi. Jina lililoandikwa ni la mwenye watumwa. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 3,953,760 katika hali hiyo, na isipokuwa wachache mno, hakuna aliyetajwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokombolewa kwa majina yao. Mmarekani Mweusi anayeutafuta ukoo wake huenda nyuma vizuri hadi mwaka huo, kisha akafika ukutani. Ili kuuvuka hana budi kuyatafuta majina ya babu zake katika hati za mirathi, za rehani na za mauzo za familia iliyowamiliki, palipoandikwa ng’ombe na viti. Ndiyo maana nyaraka za ofisi iliyoshughulikia watumwa walioachwa huru, iliyofanya kazi tangu 1865 hadi 1872, zimenakiliwa jina kwa jina na maelfu ya watu wa kujitolea katika miaka ya karibuni.

Neno shamba nalo lataka uangalifu. Kwetu shamba ni mahali pa heri: mtu akistaafu hurudi shamba. Pale Kusini mwa Marekani, sehemu hizo zilikuwa na wasimamizi wenye mijeledi, na wako wanahistoria wanaoziita kambi za kazi za lazima. Kwa miaka mingi majumba yao yalioneshwa watalii kwa ajili ya nguzo zake nyeupe na samani zake. Whitney, huko Louisiana, palipofunguliwa mwaka 2014 kuwa makumbusho, palifanya jambo geni kwa kumpeleka mgeni kwanza kwa watumwa, majina yao yakiwa yamechongwa ukutani, kabla ya kumwonesha nyumba ya bwana. Tunapendekeza shamba la kitumwa, ili mtu asidhani ni ekari mbili za mihogo.

Pamba ya mashamba hayo imo katika kamusi zetu. Kitambaa kigumu cheupe kinachoitwa merikani kilianza kuletwa Unguja kwa wingi na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani. Balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, aliwasili mwaka 1837. Kilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, na kutoka Unguja kilipelekwa bara kununulia pembe za ndovu, na watu pia. Vita vya 1861 vilipoikatiza pamba hiyo, biashara ya Wamarekani ilidhoofika na vitambaa vya Uingereza na Uhindi vikachukua nafasi, jina likabaki. Barua na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara hao vimehifadhiwa katika maktaba ya makumbusho ya Peabody Essex. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeutafuta utumwa wa Marekani katika nchi ya mbali anaweza kuanza na kabati la bibi yake.

Kumbukumbu, nyaraka na sauti

Wanahistoria wa Marekani hupenda siku hizi kutenganisha historia na yale ambayo jamii inayakumbuka, na kutenganisha yote mawili na maandishi yaliyohifadhiwa. Kiswahili kinatuvuruga kidogo, kwa kuwa kumbukumbu ni yaliyo kichwani na pia ni yaliyo katika jalada: tuna kumbukumbu za mkutano, na tuna kumbukumbu za marehemu. Kwa upande wa jalada tumshauri mfasiri atumie nyaraka, kama idara yetu ya Tanzania inavyoitwa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au makavazi kwa wenzetu wa Kenya waliolizoea. Marekani haikuwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa hadi mwaka 1934. Karatasi za serikali zilikaa popote palipopatikana nafasi, na moto uliotokea Washington mwaka 1921 uliharibu karibu sensa yote ya 1890.

Jambo tunalotaka kulisemea zaidi ni sauti. Baina ya mwaka 1936 na 1938 serikali iliwalipa waandishi waliokosa kazi waende kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani. Masimulizi zaidi ya 2,300 yalikusanywa katika majimbo 17. Wengi wa wahojaji walikuwa Wazungu, na wazee walikuwa maskini waliotarajia kwamba huyu mwenye kalamu huenda ndiye mgawaji wa pensheni. Bibi mmoja wa Charleston alihojiwa mara mbili. Kwa mwanamke Mzungu alimsifu bwana wake wa zamani. Kwa mhojaji Mweusi alieleza viboko, na vilio vya akina mama ambao watoto wao waliuzwa. Nyaraka zote mbili zimo katika Maktaba ya Kongresi. Mwenye kuifasiri moja na kuiacha nyingine amemnyang’anya bibi yule nusu ya ulimi wake.

Halafu kuna tahajia. Wahojaji waliandika matamshi ya wazee kwa namna ya kuwafanya waonekane wajinga, wakipotoa hata maneno ambayo kila Mmarekani huyatamka vivyo hivyo. Mshairi Sterling Brown, aliyekuwa mhariri katika mradi huo, alitoa maelekezo ya kuzuia jambo hilo, na hakufuatwa kila mahali. Kinyume chake ni kisa cha Zora Neale Hurston. Yeye alikuwa Mweusi, na mwaka 1927 na uliofuata alimhoji Kossola, aliyeletwa Alabama mwaka 1860 katika jahazi Clotilda, miaka hamsini na miwili baada ya sheria kupiga marufuku kuingiza watumwa. Mchapishaji alitaka maneno ya mzee huyo yasanifishwe. Hurston akakataa, na kitabu kikalala hadi mwaka 2018. Mabaki ya jahazi yalitambuliwa mwaka 2019.

Basi mfasiri afanye nini? Tumeona mara nyingi katika tafsiri za riwaya mtu Mweusi wa Marekani akisemeshwa Kiswahili kibovu cha bwana shamba na boi wake. Huo ni msiba. Mzee anayesimulia maisha yake kwa lugha aliyokulia hazungumzi vibaya. Anazungumza kama watu wa kwao. Kwa hiyo apewe Kiswahili kamili cha mzee anayeheshimiwa, chenye mkato na marudio ya masimulizi, na pale ambapo mhojaji ameandika kwa dharau, tanbihi ieleze hivyo. Hata salamu ziangaliwe. Msichana wa Kizungu humwita bibi wa miaka tisini kwa jina lake tupu. Hilo lisisawazishwe kwa kumtia ‘shikamoo’ kinywani, maana utovu huo wa adabu ni sehemu ya ushahidi.

Wenyeji wa kwanza

Kuhusu wenyeji wa kwanza wa nchi ile tutasema kwa ufupi, ingawa wanastahili makala yao peke yao. Jina Wahindi Wekundu, lililomo katika vitabu vyetu vya zamani, liachwe. Mtoto wa Mombasa mwenye jirani Mhindi haelewi. Tuseme wenyeji wa asili, na afadhali zaidi kutaja taifa lenyewe: Walakota, Wacheyenne, Wacherokee. Sheria ya mwaka 1830 iliyowatoa katika ardhi zao hutajwa kwa neno la kiofisi ambalo wafasiri wetu hulifanya kuhamishwa, kana kwamba ni watumishi wa serikali waliopata barua ya uhamisho. Wacherokee wapatao 16,000 waliondoshwa kwa nguvu ya jeshi mwaka 1838 na 1839, na inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Kufukuzwa ndilo neno.

Huko Sand Creek, Colorado, mwaka 1864 askari waliwaua Wacheyenne na Waarapaho wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Sanamu iliyosimamishwa Denver mwaka 1909 iliyaorodhesha hayo miongoni mwa mapigano. Mahali penyewe palipofunguliwa mwaka 2007 chini ya idara ya hifadhi za taifa, neno mauaji liliingizwa katika jina lake rasmi. Na California, mwaka 2019, gavana aliomba radhi kwa wenyeji wa asili na kutamka kwamba yaliyofanywa katika karne ya 19 yalikuwa mauaji ya kimbari. Hapo istilahi hiyo iandikwe bila ya kusita, kwa kuwa mwenye jimbo mwenyewe ameitumia.

Mwezi Machi 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyodai kwamba historia katika majumba ya makumbusho na sehemu za taifa imeandikwa kwa namna ya kuidharau nchi, na kuagiza ikaguliwe upya. Baadhi ya vibao tulivyovitaja, au vinavyofanana navyo, huenda vikabadilika tena kabla wino wa makala haya haujakauka. Kwa hiyo mfasiri anayenukuu kibao aandike mwaka alioyasoma maneno yake.

Mfano wa mwisho ni wa kamusi ya majina ya mahali. Kambi kubwa ya jeshi iliyoko North Carolina ilianzishwa mwaka 1918 kwa jina la Braxton Bragg, jenerali wa majimbo yaliyojitenga. Sheria iliyopitishwa na Kongresi mwaka 2021 iliagiza majina ya namna hiyo yaondolewe, na mwaka 2023 kambi ikaitwa Fort Liberty. Mwezi Februari 2025 ikarudishiwa Fort Bragg. Lakini kwa kuwa sheria ilikuwa bado ipo, ilitangazwa kwamba Bragg huyu ni Roland Bragg, askari wa kawaida wa Vita Vikuu vya Pili aliyepata nishani. Herufi ni zilezile na mtu ni mwingine. Mhariri wa kamusi atahitaji maingizo matatu: Fort Bragg, 1918 hadi 2023, Fort Liberty, 2023 hadi 2025, Fort Bragg, tangu 2025, na la tatu lisielekezwe kwenye la kwanza.